Juu ya Ile Message ya Makobola Yenye Hospitali Ilitupa

Mukeke wangu, weye samaki yenye Papa hakuwezaka kukamata ata na mikono mbili!

Jambo, yaya, kaka yangu mukubwa. Mwili inaendelea? Usingizi inakuja, ao unalala macho wazi unaangalia misumari ya mabati? Goti ya mama iko namna gani na hii mvua? Na mulamu wangu, ule bibi yenye ulioa, umuambie niliota anapika ndakala, samaki zetu kidogo za ziwa, na nyanya, nikaamuka nikakuta ni majani ya fumbwa ya Tantine, nikalia kidogo. Si uongo.

Minye niko. Sisemi niko muzuri, nasema niko. Kinshasa haijanimeza, lakini inanitafuna pole pole. Joto inakupikia ndani ya nguo. Nikifungua mudomo ku soko, banajua palepale ni Muswahili, muntu wa mashariki, na bei inapanda. Lingala yangu sasa inatosha kugombana, lakini haitoshi kuomba musamaha, basi nagombana tu. Tantine, dada ya Papa, bado ananikalisha kwake hapa Masina, na bado anauliza kila asubui kama ile kazi yangu ya kutunga programe, macho ku écran, ku kioo, iko na mwisho. Mchana niko ku atelier ya Junior, ule kijana anatengenezaka matelefone. Namusaidia kufungua na kufunga, na ananiachia kutumia groupe, mashine yake ya umeme, courant ikikatika. Inakatika sana.

Naandika ku karatasi sababu telefone yako iko mu tiroir, mu meza ya Papa Titulaire, chef wako wa centre, banasema ni «preuve», ushahidi. Na ku telefone ya mama siwezi kusema mambo ya hivi: mama anaweka haut-parleur, sauti inatoka inje, na kabla sijamaliza, quartier yote ya Kalundu inanijibu. Alors Mama Mwajuma, ule wa bitenge, anarudi Uvira juma hii, na atakupa hii bahasha mu mukono. Soma yote. Usiruke. Najua unarukaka.

Bon. Nimeipata, yaya! Nimepata kwenye message yako ilipotelea! Na pahali ya kufurahi, niko na hasira yenye inanitoa hamu ya kula. Nitakuelezea pole pole, juu mukutano yenu ya nidhamu iko kisha dimanche, siku ya kanisa, na ni pale njo batakata kama unabaki infirmier, muguzi, ao unafukuzwa.

Tuanze na vile ulinambia weye mwenyewe. Ile siku kulikuwa yule mama wa mimba pale centre ya afya ya Makobola, damu inatoka, na weye peke yako ku garde, ku zamu. Réseau ya kusema ilikuwa imekatika, SMS tu njo zilikuwa zinapita. Ukafungua application yangu, ukaandika jina yake, ukaandika damu, ukaandika batume ambulance. Application ikaifunga message na funguo, ikaituma, ikakuwekea alama ya kijani: imetumwa. Ukamuambia mama mukwe wake, «Banakuja.» Mukangoja. Hakuna. Mukangoja tena. Mwisho mukamupakiza mu camionnette ya samaki yenye ilikuwa inapanda Uvira, na mutoto akazaliwa mu barabara, kati ya bitunga, na weye umepiga magoti mu maji ya barafu. Mungu asifiwe, mutoto analia na mama yake anapona. Lakini ku hospitali banasema: hatukupata kitu. Papa Titulaire, chef wako, anasema: infirmier hakuandika, alilala, na sasa anasingizia telefone. Na familia ya yule mama inaamini Papa Titulaire, juu alama ya kijani haina mudomo.

Uliandika. Na hospitali ilipata! Machine yake iliipata, ikaiangalia ku sura, ikaitupa, bila kuambia muntu. Njo vile ilikuwa. Sasa ngoja nikuambie namna.

Unakumbuka application tuliianza juu ya nini. Juu ya yule dada wa Katogota, mwenye matokeo yake ya damu ilitumwa na SMS ya wazi, mulamu yake akaisoma mbele yake, na kabla dada hajafika nyumbani, soko yote ilikuwa inajua ugonjwa yake. Ni weye ulinipigia, ukaniambia, «Nabintu, weye unajua mambo ya ma-ordinateur na matelefone, tafuta namna message ifungwe, ifunguke tu kwa mwenye inamuhusu.» Nilikuwa najua nini, minye? Nilikuwa nimejifunza na ma-video ya bure ku telefone yenye écran imepasuka. Lakini nikatafuta.

Kufunga message na funguo, muntu mwenye akili hajitungii peke yake. Ni sawa kujipikia dawa ya sindano mu jikoni. Unachukua kazi ya benye banajua. Alors kuko kipande cha programe yenye banaita bibliothèque, nyumba ya bitabu. Usicheke, haina bitabu. Ni bantu ya inchi mingi benye banaitunga bure, na kila muntu anaweza kusoma vile imetungwa ndani, anaweza kuichukua, anaweza kuilalamikia. Malalamiko yote inaandikwa ku page moja ya wazi, dunia muzima inaona. Bakubwa ya ile bibliothèque bako tatu, ine hivi, na mwenye kusema mwisho ni muzee moja wa Ulaya. Jina yake ya kweli siijui. Minye namuita Monsieur Non, juu kila mara anaanza na «non», hapana, ata kama kisha anakubali.

Kwanza nilizania ni kosa ya matelefone yenu. Ile matelefone ya centre ni ya zamani, processeur yake inapanga namba namna yake, na bibliothèque ilitungiwa ku machine mupya. Hii kazi iko na ugonjwa hiyo: kitu inakimbia muzuri ku machine moja, unaipeleka ku ingine, inalala chini. Nikatafuta mu tiroir za Junior, nikapata telefone sawa na yako, ile ile, ata na kifuniko yenye kulegea. Nikaiwekea application. Nikatuma message. Ikafika. Nikatuma ingine. Ikafika. Nikapunguza mémoire, nikatoa bateri katikati, nikaitesa sana. Inafika tu!

Junior alikuwa ananiangalia. Anasema Lingala na Kifaransa, nakuwekea mu Swahili yetu.

«Muswahili, telefone imekukosea nini?»

«Inakataa kuharibika.»

«Eeh! Dunia muzima inaniletea zenye kuharibika, na weye unalia juu ya yenye inatembea?»

«Huku inatembea. Kule kwetu haitembei.»

«Basi kosa iko kwenu,» anasema, na anacheka yeye na client yake.

Nilikasirika. Nikaandika ku ile page, na Kifaransa yangu na dictionnaire kando: message zinapotea ku telefone za zamani, ku zone moja ya afya ya mashariki ya Congo, musaada tafazali. Monsieur Non akajibu: «Non. Ulifanya ipotee ku mukono yako? Kama haipotei kwako, siwezi kutengeneza kitu sioni.» Mwingine, mwenye aliweka picha ya paka pahali ya sura yake, akaandika: «Banunue telefone mupya.» Ile tu. Banunue telefone mupya! Nikamujibu kama anaweza kuja kuzigawa yeye mwenyewe ku barabara ya Fizi, nitamupokea na ngoma. Monsieur Non akafuta jibu yangu. Alisema tuongelee kazi.

Nikatengeneza mambo mbili, tatu mu programe yao, za namna ile processeur ya zamani inasoma namba. Nikabatumia. Monsieur Non akasoma yote, mustari kwa mustari, kweli hiyo simukatalii, anasomaka. Akasema: «Non. Hii ni muzuri, nitaiweka. Lakini haiko ugonjwa yako.» Na alikuwa na haki! Mise à jour, ile programe yenye kufanywa mupya, ikatoka na kazi yangu ndani, Tantine akanipikia kuku, na ku Makobola message ziliendelea kupotea, mpaka siku Papa Titulaire alikamata telefone yako.

Njo nikauliza: ni Makobola peke yake? Kumbe hapana. Katogota pia ilikuwa kimya tangu mise à jour ya mbele ya ile, na hospitali ilizania infirmière wa kule ni muvivu wa kuandika. Luberizi, hakuna shida ata moja. Application moja, matelefone ya kartoni moja. Luberizi inasema, Katogota na Makobola ni bubu. Nikasema, hapana, hii haiko processeur. Nikamuomba yule infirmière wa Katogota anipigie picha ya réglages, ile mipangilio yote ya telefone yake, page kwa page. Akanitumia. Nikaangalia lugha, ni sawa. Mémoire, sawa. Date, sawa. Saa…

Yaya. Ku picha iliandikwa: mahali, Kinshasa. Na chini yake saa ilikuwa saa ya Uvira.

Nilisimama, kiti ikaanguka. Junior akazania kuna nyoka.

Unaona vile tunafanyaka? Tangu tuko batoto, redio ikisema ni saa kumi na mbili, Papa anaongeza moja mu kichwa na anasema, «Ni saa moja, mwende masomo.» Juu redio ni ya Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu lisaa limoja. Hakuna muntu wa Uvira anafikiriaka juu ya ile. Ni sawa kufunga kiatu. Na telefone ikija na saa ya Kinshasa, tunafanya ile ile: tunaacha imeandikwa Kinshasa, na tunasongesha saa mbele na kidole. Saa ya ukuta ya kanisa inasema saa ine, telefone inasema saa ine, kwisha. Luberizi, telefone yao ilijipatia saa peke yake ku réseau, hakuna muntu aliigusa. Yako na ya Katogota ziliguswa na kidole.

Lakini telefone haina saa moja, iko nayo mbili. Moja ni ile unaona ku écran. Ya pili iko ndani, ni ile yenye dunia muzima inapatana. Ukiiambia uko Kinshasa na kisha ukaongeza lisaa, écran inakuwa sawa, na ile ya ndani inaruka lisaa muzima mbele ya dunia. Na kila message yako inafungwa na ile saa ya ndani. Alors message yako ya ambulance ilifika ku hospitali na imeandikwa ndani yake kama ilitumwa lisaa moja mbele. Na tangu ile mise à jour, bibliothèque iko na sheria mupya: message yenye inatoka mu wakati wenye haujafika, ni ya uongo, itupwe. Haiulizi, hailalamiki, haiandiki kitu. Inaitupa, na kwako alama ya kijani inabaki inawaka.

Hapa Kinshasa, saa ya Kinshasa ni ya kweli. Njo maana ku meza ya Junior haikuharibikaka ata siku moja. Ningekaa hapa naitesa mpaka uzee.

Nilimuelezea Junior. Alikaa chini. Alicheka mpaka akatoa lunettes ku macho.

«Muswahili! Munakataa Lingala, munakataa fumbwa, sasa munakataa ata saa yetu?»

«Ni nyinyi munachelewa.»

«Sasa huko kwenu ni saa ngapi?»

«Saa nane.»

«Basi niambie nani alishinda ile match yenye inaisha saa nane, nicheze pari, niweke feza!»

Ningeweza kumupiga na tournevis ya kufungulia matelefone. Lakini nilicheka pia, yaya, siwezi kuficha. Kisha nikafikiri juu ya yule mama mu camionnette na kicheko ikaisha.

Nikachukua ile telefone ya zamani ya tiroir yake, nikaiweka Kinshasa, nikasongesha saa na kidole, nikatuma. Ikapotea. Ikapotea! Nilipiga makofi peke yangu. Nikaandika ku page kila kitu, namna ya kufanya, wapi kugusa, ili Monsieur Non afanye na mikono yake. Akafanya. Akajibu, na nakuwekea vile alisema, juu inaniuma:

«Non. Naona. Bibliothèque ilifanya vile ilitungwa. Saa ya telefone ilikuwa mbaya. Si bug.»

Si bug, si kosa ya programe! Nikaandika: message ya kuomba ambulance ilitupwa bila neno, na haiko bug? Akajibu na utulivu yake ile, anayo mingi mpaka ya kuuza: kuko bantu benye banakamata message njiani, banaiweka, banairudisha kisha kama mupya. Saa ndani ya message njo inabafunga mulango. Tukifungua mulango lisaa limoja juu ya Uvira, tunaifungua kwa bezi ya dunia muzima. Na kama mulango inamuelezea muntu wa inje juu ya nini funguo yake inakataa, inamusaidia mwizi.

Nikamuambia: muntu wa inje ile siku alikuwa yaya wangu.

Kisha Monsieur Non akarudi: «Muambie yaya wako nasikitika kweli. Lakini sheria ya mulango siwezi kuiandika juu ya muntu moja.» Na unajua kitu mubaya? Siwezi kusema ni mujinga. Nilitembea mu parcelle, mu uwanja ya Tantine, nazunguka bassin ya maji, natafuta kwenye anadanganya, na sioni. Ako na haki nusu. Muntu mwenye haki nusu anachosha kuliko mwenye hana ata kidogo!

Tukagombana tena, siku mingi. Sikuomba afungue mulango. Niliomba kitu kidogo: mulango ikikataa, mwenye nyumba aambiwe. Hospitali ione ku écran, «Kuko message ya Makobola, imekataliwa, saa haipatani.» Mwizi hataona kitu, ni hospitali tu itaona, na itapiga simu. Nikaitunga, nikamutumia. Akasema: «Non. Hii ni mawazo muzuri.» Unaona namna yake? Lakini lazima bale bengine baisome pia, na bajaribu ku machine za kila aina, na itatoka na mise à jour yenye inakuja. Lini? Ikiwa tayari. Nikamuambia mukutano yenu iko kisha dimanche. Akasema hii kazi ya funguo haikimbizwi, kuikimbiza njo inaletaka mashimo. Haki nusu, tena!

Kwa upande wangu, ku application yenyewe, nimeisha kuweka onyo: telefone ikiandika Kinshasa na iko ku mashariki, inapiga kelele mpaka muitengeneze. Ku Katogota na ku centre zingine bameisha kuipata. Ile sehemu imekwisha, message hazitapotea tena vile. Lakini Docteur wa zone ya afya, mwenye ataongoza mukutano yenu, hajali ile. Nilimupigia. Nilivaa ata robe muzuri kumupigia, Tantine alinicheka.

«Mademoiselle,» anasema, «sitaki théorie. Nataka karatasi, na signature. Kosa ni ya nani?»

«Docteur, ni ya bibliothèque nusu, ya saa nusu, na ya application yangu nusu.»

«Nusu tatu? Ulisomea wapi hesabu?»

«Sikusoma, Docteur. Nilijifunza peke yangu.»

«Inaonekana.» Lakini alicheka kidogo, haikuwa mubaya. Kisha akasema pole pole: «Sikia. Yule mama angeweza kufa. Kama karatasi inasema muntu alisongesha saa na kidole na njo maana message ilipotea, ni muguzi mwenye aliigusa, na atatoka. Kama karatasi inasema application ilipoteza message yenye ilitumwa vizuri, muguzi anabaki, na application inatoka ku matelefone yote ya zone ile siku ile. Sitaacha kitu yenye kutupa bamama ikae mu zone yangu. Uchague mustari moja, uniandikie.»

Nikamuuliza, na nikiandika yote mbili? Akasema yote mbili ni maneno ya avocat.

Nikamuambia: Docteur, kila muntu wa Uvira anasongesha saa. Weye pia unasongesha!

Akajibu: «Telefone yangu haikuita ambulance.»

Aliniweza, yaya. Aliniweza muzuri.

Sasa unaona kwenye niko nimekwama. Ile mazungumuzo yote na Monsieur Non iko ku page ya wazi. «Saa ya telefone ilikuwa mbaya, si bug.» Siwezi kuifuta, ni ya dunia. Papa Titulaire akipata tu kijana moja wa kumusomea, ataipiga chapa ku karatasi na kuiweka mbele ya Docteur, na weye umekwisha. Karatasi yangu inapaswa kufika ya kwanza. Mwenye alitunga application ni minye, signature yangu njo inasikilizwa.

Na si uongo kuandika ni application. Minye njo nilichagua ile bibliothèque, minye njo nilikubali ile mise à jour, na alama ya kijani yenye ilikudanganya niliipaka rangi minye. Naweza kuandika ile. Utabaki. Utavaa blouse yako nyeupe ya kazi, familia ya yule mama itasikia mbele ya bantu kama hukulala, na Papa Titulaire atarudisha telefone yako na uso yake ya chumvi.

Lakini siku ileile application inatoka, na centre zote, Makobola, Katogota, Luberizi, zinarudi ku SMS ya wazi na ku bikaratasi bya kutuma na bantu ya pikipiki. Na matokeo ya bamama inarudi mu mikono ya balamu yao, na ku soko. Wale badada benye banakuja kupimwa sasa juu banajua hakuna muntu atasoma, nani atabaambia bakuje tena? Mwaka jana uliniambia mwenyewe bameanza kuja kutoka mbali. Ulikuwa unapiga kelele mu simu sawa muntu ameshinda match. Na application ikitolewa na aibu, Docteur mwingine hatairudisha kisha, ata Monsieur Non akiweka kazi yangu na wino ya zahabu. «Ni ile yenye ilitupa mama?» Njo jina yake itabaki.

Na nikiandika ni saa, application inabaki, badada banabaki na siri yao, na bananifukuzia yaya. Juu ya kufanya kitu chenye Papa alitufundisha kila asubui. Siwezi ata kuandika ile mustari, kalamu inasimama yenyewe. Lakini kila nikianza mustari ingine, namuona yule dada wa Katogota amesimama ku mulango ya soko, bantu banamuangalia.

Junior anasema niandike ya yaya, damu ni damu, bengine batajitafutia. Tantine anasema niulize padri. Monsieur Non anajua tu siku ya mukutano, hajui kama inaweza kufukuza muntu juu ya bug, na sikumuelezea yote, nilichoka kusikia non.

Nimechoka pia kuandika, mukono inauma, na courant imeisha kukatika mara nyingi mpaka Junior anasema hii barua inakunywa mafuta yake.

Usalimie mama, na umuambie asitembee ku matope na ile goti, atume batoto ya jirani, bako kwa nini? Usalimie mulamu wangu na mutoto wenu, ule bwana mudogo mwenye analala mu mugongo yake, sijamuona bado na nimeisha kumupenda. Salamu kwa baba mudogo ku Makobola, mwenye alikukaribisha kwake tangu ulianza ile kazi, na kwa bibi, mama ya mama, umuambie Kinshasa hakuna samaki, kuna tu bitu bya barafu yenye bilikufa bila kujua. Na ukipita Katogota, umushukuru yule infirmière juu ya picha. Bila yeye ningekuwa bado natesa matelefone.

Docteur anangoja mustari moja. Mama Mwajuma anarudi Uvira, na kisha ya kukupa hii atakuachia telefone yake kidogo, namba yangu iko ndani, piga ukiwa peke yako. Usiniambie unaniachia nichague, najua njo kitu unataka kusema. Ni jina yako na ni badada yako ya centre, na ni weye ulinitaka nitunge hii kitu. Weye ukiwa na kalamu hii mu mukono yako, Mukeke, ungeandika mustari gani?

Mudogo wako mwenye anangoja simu,
Nabintu